Siagi ya Milimani na Frigo Yetu

Frigo yetu inakaa saloni, chumba cha kupokelea wageni. Jikoni kwetu ni kibanda cha nyuma chenye moshi, na mama anasema kitu cheupe hakiwezi kuishi kule. Imesimama kati ya mlango na kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Wageni wakiingia wanaisalimia kwa macho kabla ya kutusalimia sisi. Baba aliinunua wakati jirani yetu alikuwa na jenereta na alikubali kutupitishia waya juu ya ukuta. Baadaye jirani alihama na jenereta yake. Waya ulibaki, tukaufanya wa kuanikia nguo. Frigo ilibaki frigo.

Ndani yake, kabla ya haya ninayotaka kuandika, mlikuwa na sahani za wageni, sukari, viatu vya baba vya sherehe, na vitenge vya mama ambavyo hakutaka panya wavijue. Ina kitasa na ufunguo. Ufunguo mama anauvaa shingoni, kwenye uzi mmoja na msalaba wake.

Mimi siongei sana. Niko darasa la tatu la sekondari, na mwaka huu mwalimu mpya aliwauliza wenzangu kama mimi ni bubu. Walimjibu hapana, yeye iko vile tu. Mtu ninayeweza kuongea naye bila kupanga maneno kwanza ni tate, mama yake baba. Tunalala chumba kimoja, kitanda kimoja. Ananiita muke mwenzangu, kwa sababu kwetu mjukuu wa kike ni bibi, yaani mke, wa babu yake kwa utani, hata kama babu amekufa zamani na hamkuonana. "Muke mwenzangu," anasema, "bwana wetu alituachia kitanda kidogo. Sogea." Mimi nasogea, halafu ananiuliza habari za shule, na ninamwambia zote, hata zile ambazo hazina maana.

Kwa hiyo tate aliposema anarudi kwao Tunda, na kwamba treni ya kwanza itakayopiga firimbi itamkuta mlangoni, niliichukua ile habari kama yangu. Sikumwambia mtu. Kumwambia mtu kungekuwa kuongea.

Sababu ya kuondoka ilikuwa siagi.

Mama si mtu wa hapa Kindu. Amezaliwa kwenye milima ya baridi ya Kivu ya kaskazini, na alikuja huku na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mjomba wetu mwenye duka karibu na soko. Kule milimani mama yao ana ng'ombe wachache. Maziwa anayatia ndani ya kibuyu, anakaa chini, anakitikisa juu ya mapaja mpaka siagi inatoka, kisha anaitia chumvi. Kule, mama anasema, siagi inakaa mezani juu ya kisahani mpaka watu waimalize, na asubuhi unaikata kwa kisu, ngumu kama sabuni. Hawana frigo. Nchi yenyewe ndiyo frigo.

Huku ukiweka siagi juu ya meza inakaa kama siagi muda wa kunywa chai moja. Baada ya hapo inakuwa mafuta yenye sisimizi.

Zamani, mjomba akipokea mizigo yake kwa ndege, mara nyingi kati ya makatoni mlikuwa na ndoo ndogo nyeupe kutoka kwa mama yao. Tuliimaliza haraka, hatukuwa na shida ya mahali pa kuiweka. Halafu vita vikafika barabara ya kwao. Ndege za upande ule zikapungua, kisha zikaacha. Simu ya mama yao ililia bila kupokelewa, baadaye ikawa hailii. Mjomba alikuja na ndoo iliyokuwa imekuja na ndege ya mwisho, akaiweka mezani, akasema, "Hii njo ya mwisho. Muikule polepole."

Mama alitoa ndani ya frigo sahani, viatu, sukari na vitenge, akavipanga chini kandokando ya ukuta. Akapangusa frigo ndani kwa maji na limau. Akaweka ndoo katikati, peke yake, kama mgonjwa aliyepewa chumba. Akafunga kwa ufunguo.

Frigo haikuwa na umeme. Sote tulijua, kwa sababu nguo zetu zilikuwa juu ya waya wake. Lakini frigo ni frigo, na siagi inakaa ndani ya frigo. Hata kwenye kitabu cha shule kuna picha hiyo.

Tate alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, anachambua mchele, na aliona yote. Ila tangu siku ile, chai ya asubuhi ikija na mkate, tate alikunywa chai na kuuacha mkate. Alisema meno yanamuuma. Mchana, kwa meno yaleyale, alitafuna mihogo ya kuchoma.

Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu mama mkwe haombi chakula kwa bibi ya mwanawe. Haombi hata chumvi. Chakula kinakuja mbele yake chenyewe, na kisipokuja, anaumwa meno. Mama naye anaijua desturi hii vizuri, lakini asubuhi anawahi soko, na siagi alikuwa anaitoa kidogo kidogo, kwa ncha ya kijiko, siku za Jumapili tu. Siku nyingine aliigusa shingo yake, akaona ufunguo uko, akaenda.

Mchana mmoja nilikuwa ninamsaidia tate kuondoa mawe kwenye mchele. Nilimuuliza kama anapenda siagi kiasi kile.

"Siagi?" alisema. "Miye nilikuwa nakula wali na mawese mbele mama yako azaliwe. Siagi iko mafuta ya watu wa baridi."

"Basi nini?"

"Ile funguo."

Ndipo akanisimulia habari ya sanduku. Wakati wa vita vya zamani, ambavyo mimi sikuvikuta, mji ulikuwa umezungukwa. Anayekwenda shambani alikuwa hajui kama atarudi, kwa hiyo watu waliacha kwenda, wakapanda mihogo kwenye viwanja, hata karibu na vyoo. Nyumba ya tate ilikuwa na familia tatu zilizobanana. Walikula sombe, majani ya mihogo ya kutwanga, asubuhi na sombe jioni, na sombe yenyewe haikuwa na chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwa imepotea mjini. Lakini mwanamke mmoja mle ndani, bibi ya ndugu yake babu, alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo ulikuwa ndani ya kilemba chake. Kila mtu alijua. Alikuwa anapika sombe yake wa mwisho, wakati wengine wamekwisha kula, na harufu ilikuwa ileile, lakini watoto walikuwa wanamwangalia mdomo.

"Mulimuomba?" niliuliza.

"Nani aombe? Ulimi unasahauka chumvi, muke mwenzangu. Jicho halisahauke funguo."

"Halafu?"

"Halafu maaskari wakakuya. Hawakufungua sanduku. Waliinua, wakaona iko nzito, wakasema iko na mali. Wakaenda nayo. Njo vile chumvi yetu ilienda ku vita."

"Na yule mama?"

"Alibaki na funguo," tate alisema, akatupa jiwe la mchele nje ya mkeka. "Aliichunga vizuri."

Hakucheka. Tate akisimulia kitu cha namna hii anakuwa na uso wa mtu anayesoma bei ya maharage.

Sijui nani alimwambia mama kwamba mkate unaachwa. Si mimi. Pengine aliona mwenyewe, kwa sababu kuku walianza kunenepa. Alichofanya kilikuwa kitu cha heshima, na kiliharibu kila kitu. Asubuhi moja alivua uzi shingoni, akatoa ufunguo, akapiga goti mbele ya mkeka wa tate na kumpa kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "funguo ikae kwako. Weye njo mukubwa wa nyumba."

Kwao milimani, mama alinieleza baadaye, hiyo ndiyo heshima kubwa. Unampa mkubwa ufunguo, maana yake huna siri naye. Mama alinyoosha mikono akangoja.

Tate aliuangalia ufunguo kama mtu anayepewa nyoka wa mwenzake amshikie kidogo.

"Miye sikukuomba kitu, bibi arusi," alisema. Anamwita mama bibi arusi mpaka leo, na mimi ndiye mtoto wake wa tatu.

"Najua, Mama. Ninakupa tu."

"Unanipa niichunge. Siagi ikipunguka, nani aliikula? Mwenye funguo. Katika nyumba yetu ya vita, kitu kikipotea, hawakuuliza mwenye kitu. Waliuliza mwenye funguo."

"Mama, hapa hakuna vita."

"Kwenu iko," tate alisema, na nadhani hakuwa na nia mbaya, ilikuwa tu habari ya kweli. Lakini mama alisimama na uso umefunga. Ufunguo uliachwa juu ya mkeka. Ulilala pale mpaka jioni, hakuna aliyeugusa, tukawa tunauruka kama maji yaliyomwagika. Jioni mama aliuokota akauvaa tena. Tate akaanza kufunga mfuko wake.

Treni ya hapa haina siku. Inakuja inapokuja, inakaa stesheni inapotengenezwa, kisha inapiga firimbi na kwenda Kibombo na mbele. Kutoka Kibombo mpaka Tunda tate angepanda baiskeli ya mtu. Kwa hiyo hatukujua kama anaondoka kesho ama mwezi ujao, na yeye hakujua. Kila asubuhi alifunga mfuko na kuuweka mlangoni. Kila jioni aliufungua kwa sababu sabuni na tasbihi zilikuwa ndani. Mimi nilikuwa darasani nimetega sikio. Ndege ya mizigo ikipita, niliacha kuandika, ingawa ndege haipigi firimbi.

Baba alipiga simu kutoka Kalima. Kule anafanya kazi ya mashimo ya mawe ya bati, na ili apate mtandao anapanda kilima, kwa hiyo anaongea akihema. Mama alimweka kwenye sauti ya wote.

"Mama anataka kwenda wapi?"

"Tunda," mama alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya siagi."

Tulisikia upepo wa kilimani.

"Siagi gani?"

"Ya mama yangu. Ile ya ndani ya frigo."

"Frigo iko na umeme sasa?"

"Hapana."

Upepo tena, mrefu zaidi.

"Mupatane," baba alisema, na simu ikakatika. Tate alisema mtoto wake tangu zamani ni mtu wa busara, haongei mengi.

Jumapili iliyofuata mjomba na bibi yake walikuja kula baada ya kanisa. Mama alikuwa amenunua mikate mipya na kupika chai ya maziwa. Tate alikuwa kwenye mkeka wake, mgongo umeelekea frigo kidogo. Mfuko ulikuwa mlangoni, na mjomba alijikwaa juu yake alipoingia, akajifanya hakuuona.

Mama alifungua frigo mbele ya watu wote. Alifanya polepole, kama anafungua mlango wa kanisa. Harufu ndiyo ilitoka kwanza. Haikuwa mbaya sana. Ilikuwa ya kitu kinachofikiri kuchacha lakini hakijaamua. Akaleta ndoo mezani, akaondoa kitambaa na jani la mgomba. Juu kulikuwa na mafuta ya njano yanayocheza, na chini kabisa kitu cheupe kilichokaa kama matope.

Mjomba aliinama. "Dada, ulituita ku siagi ama ku supu?"

"Watoto wanafunguaka frigo sana," mama alisema. "Baridi inatoka."

"Funguo iko ku shingo yako," tate alisema, hakugeuka.

Bibi ya mjomba alikunywa chai ambayo ilikuwa bado moto sana, akavumilia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati, na sentensi yangu ilikuwa tayari tangu siku nyingi. Ile wiki tulikuwa tumesoma habari ya joto. Na siku moja mama alipoifungua frigo, nilitia mkono ndani haraka kabla hajafunga, na nilijua nilichojua. Lakini kati ya kujua na kusema kuna njia ndefu, na mimi huwa narudia katikati.

"Frigo njo inaipikaka," nilisema.

Wote waligeuka, hata tate.

"Nini?" mama aliuliza.

"Haina umeme. Inakuwa sanduku tu. Joto la mchana linaingia na kule ndani halina pa kutokea. Mutie mkono."

Mjomba alikunja shati, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akangoja akiwa ameangalia dari kama mtu anayepimwa na daktari. "Kweli," alisema. "Iko kama gari iliyofungwa ku jua."

"Huyu mutoto anaongeaka?" bibi yake aliuliza.

"Siku moja moja," tate alisema.

Mama alikuwa bado ameshika kitambaa cha ndoo. Tate alimwangalia, kisha akaongea na ukuta, kama desturi inavyotaka ukitaka kumshauri bibi ya mwanao bila kumwamuru. "Watu wengine," aliuambia ukuta, "siagi ikitaka kufa wanaichemsha. Inakuwa samli. Samli haiogope jua."

"Hapana," mama alisema.

"Miye naongea na ukuta."

"Basi ukuta usikie, Mama. Nikiichemsha, mukono wa mama yangu utatoka. Itabaki mafuta tu, kama ya duka."

Hapo tate aligeuka mzima, mwili na miguu. Nadhani alikuwa anajua ile siagi imetoka wapi, lakini alijua kama unavyojua kwamba mto unatoka kusini. "Mama yako hajapatikana?" aliuliza.

"Hajapatikana."

"Na hii aliitikisa yeye mwenyewe? Siyo mufanyakazi?"

"Yeye mwenyewe. Chumvi yake njo hiyo. Anatiaka mingi, tunamugombezaka kila siku."

Tate alinyanyuka, na kunyanyuka kwa tate kunachukua muda, tulingoja. Alikuja mezani. Alichovya kidole mpaka chini, kwenye ile sehemu nyeupe, akaonja, akafunga macho kidogo.

"Kweli," alisema. "Anatiaka mingi."

Akakaa kwenye kiti, mezani pamoja na wengine, kitu ambacho huwa hafanyi.

Nilisema sentensi ya pili, na mjomba alinikodolea macho kama nimeimba. Nilisema maji ya mtungi ni baridi kuliko kitu kingine chochote mle nyumbani, kwa sababu mtungi unatokwa na jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Tate alisema jasho la mtungi analijua, yeye ndiye anaufuta. Kuna mtungi mdogo wa nyuma uliovunjika shingo, alisema, hauna kazi. Mama alisema mchanga uko kwa jirani anayejenga. Ghafla kila mtu alikuwa na kitu cha kubeba.

Tuliweka mtungi ndani ya beseni lenye mchanga, kwenye kivuli cha ukumbi wa nyuma ambako upepo unapita. Tuliulowesha mchanga. Mama alikoroga siagi kwa mwiko mpaka mafuta na ile nyeupe vikarudiana, akafunga ndoo, akaishusha ndani ya mtungi. Juu tukafunika kitambaa kinene cha maji, na juu ya kitambaa sahani, na juu ya sahani jiwe, kwa ajili ya paka. Jioni tulichungulia. Siwezi kuandika kwamba ilikuwa baridi. Kindu si milimani, na hewa yetu yenyewe ina maji, haina haraka ya kukausha kitu. Lakini siagi ilikuwa imesimama. Ukiegemeza kijiko hakianguki.

Mama aliangalia ile sahani na jiwe. "Hii haina funguo," alisema.

"Jiwe iko," tate alimjibu.

Tangu siku ile siagi ilikuja mbele ya tate kila asubuhi, bila maneno, kwenye kisahani. Meno yake yalipona. Aliikataa kwenye mkate na kuitaka juu ya wali wa moto, inayeyuka yenyewe, na mama aliona ni ajabu lakini akapika wali asubuhi. Wakati wa kula mama alianza kusimulia habari za kwao: ng'ombe mmoja mweusi anayepiga teke, mama yake anayeimba vibaya akitikisa kibuyu na kusema kuimba vizuri kunachelewesha siagi. Tate aliuliza maswali mengi juu ya yule ng'ombe. Hakuna kilichosikika kutoka kule. Mjomba alipata jirani mmoja kwenye simu, jirani akasema watu wa kijiji wamehama, wengine huku wengine kule, na mtandao ukaondoka naye.

Kitu ambacho hatukufikiri ni kitambaa. Kinakauka. Ukikiacha tangu asubuhi mpaka mchana, mtungi unakuwa sanduku kama frigo. Lazima mtu akimwagie maji, aende, arudi, akimwagie tena. Mama yuko soko, sisi tuko shule. Hakuna aliyemwomba tate, na kwa desturi hakuna ambaye angeweza. Alianza mwenyewe, na kikombe cha chai. "Miye niko nangojea treni tu," alisema. "Mukono wangu hauna kazi." Mfuko uliendelea kukaa mlangoni.

Treni ilipiga firimbi siku ya katikati ya wiki. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka shule, sare bado mwilini. Tulisikia wote, tate na mimi, na hatukuangaliana. Alisimama. Alifunga kitenge cha safari, akafunga kilemba, akakaa tena kwenye ukingo wa kitanda avae viatu. Kulikuwa na neno moja la kusema, fupi, na mtoto wa miaka minne angelisema. Mimi nilimfunga kamba za viatu. Nilizifunga vizuri sana, kisha nikaona nimezifunga vizuri kupita kiasi, nikazilegeza.

Mama aliingia akihema, alikuwa ametembea haraka kutoka soko. Alikuwa na mikate ya njiani kwa mkono mmoja. Hakusema usiende. Mkwe anapoondoka unamfungashia, humzuii, kumzuia ni kumwambia amekosea. Alienda nyuma, akaondoa jiwe na sahani, akachota siagi ya kutosha ndani ya kopo dogo lenye kifuniko, nyingi kuliko tulivyokuwa tunakula kwa siku nyingi. Akalileta kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Ya njiani, Mama."

Tate alichukua kopo. Alilipima kwa mkono, akalitikisa karibu na sikio. "Hii itafika Kibombo iko maji," alisema.

"Utaikula mbele ya kufika."

"Na ile ingine, nani atailowesha?"

Mama alifikiri. "Nitakuyaka ku saa sita. Nitafunga meza kidogo."

"Tangu soko mpaka huku? Ukikuta kitambaa hakijakauka, uniite mwongo."

"Basi mutoto atatoka ku shule."

"Mutoto asome," tate alisema, na hakuniangalia. "Siku moja moja anaongeaka vitu vya maana."

Firimbi ikalia mara ya pili. Tate alikaa na kopo juu ya mapaja. Alikuwa na uso uleule wa bei ya maharage. "Miye niende," alisema, "nyuma siagi ya mama ya mwenzangu ikufe. Watu watasema nini? Watasema ilikufa siku ile mama mukwe aliondoka. Hapana. Hiyo jina siitaki."

"Treni ingine itakuya," mama alisema, polepole sana.

"Itakuya. Treni inakuyaka."

Alinipa kopo, akaniambia nirudishe ndani ya mtungi kabla halijaanza ujinga. Akavua kitenge cha safari, akaenda ukumbini na kikombe. Mama alirudi soko, akaisahau mikate juu ya kitanda. Alasiri tulisikia treni ikiondoka, na tate akasema inaonekana safari hii wameitengeneza.

Hayo yalikuwa majuma kadhaa yaliyopita. Ndoo sasa imebaki robo, na robo yenyewe ni ya kukwangua; ikiisha, hakutakuwa na kitambaa cha kulowesha. Watu wa stesheni wanasema treni inarudi, hawasemi lini. Juzi asubuhi mama aliweka kisahani mbele ya tate, tate akasema siku hizi wali wenyewe una mafuta, siagi ikae. Mama akasema hata yeye tumbo halitaki. Wadogo zangu waliambiwa siagi nyingi inaharibu ngozi, na wakaamini. Mimi nilikula mkate wangu mkavu nikasema ni mtamu, na hakuna aliyeshangaa kwamba nimeongea. Kisahani kilirudi mtungini kilivyotoka, na tate akamwagia kitambaa maji. Nyumbani kwetu siku hizi kila mtu ameshiba siagi.